Mtoto anayecheza kiinimacho: je, amefanya sihri?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama, mkaazi wa Wete, Pemba. Mwanangu wa skuli ya msingi, ambaye bado hajabaleghe, amejifunza kupitia simu ya kaka yake namna ya kuipoteza sarafu mkononi na kuitoa sikioni mwa mtu. Siku ya Idi aliwachezea wenzake kiwanjani, kisha akawawekea vikombe vitatu na kokwa ya ukwaju, wabahatishe ipo chini ya kikombe kipi kwa pesa. Maalim wake wa chuoni amemwambia hiyo ni sihri na ni lazima atoe shahada upya. Wakati huohuo jirani zetu wanampeleka mgonjwa wao kwa mganga anayetoa misumari mwilini mwa watu, na hakuna anayemkataza. Hukumu ni ipi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Dada yetu, mtulize mwanao kwanza. Asiyebaleghe kalamu imeondolewa kwake, kama ilivyothibiti katika Hadithi, na hatoki katika Uislamu kwa kuificha sarafu baina ya vidole. Maalim amefanya ghera ya dini, naye ni wa kuheshimiwa kwa hilo, lakini kumhukumu mtu ukafiri ni jambo zito ambalo halitolewi kwa kutazama mchezo.

Sihri iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 102, na ambayo Mtume (S.A.W.) ameihesabu miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, ni kazi inayopitia kwa mashetani na kuwadhuru watu, na kauli ya jamhuri, yaani wengi, ya wanavyuoni wa Ahlu Sunna ni kwamba ina uhakika wake. Pamoja na hayo, wanavyuoni hawakuacha kuona kwamba mengi yanayoitwa sihri ni hila tupu. Imam Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria, aliigawa sihri mafungu manane, na miongoni mwake akaweka wepesi wa mkono unaoyashughulisha macho, na vyombo vilivyoundwa kwa ufundi. Kabla yake, Abubakar Jassas wa Baghdad, aliyefariki mwaka 370 Hijria, alisema kwamba kamba na fimbo za wachawi wa Firauni zilitiwa zebaki, ilipopata joto zikatikisika na watu wakadhani ni nyoka. Kauli yake hiyo si ya wote, ila inaafikiana na aya ya 116 ya Suratul Aaraf, inayoeleza kwamba wale watu waliyazuga macho ya watazamaji na kuwatia hofu. Karne ya 13 Miladia akatokea Jawbari wa Damascus, akaandika kitabu kizima cha kufichua hila za matapeli wa masokoni, wakiwemo waliojipamba kwa sura ya ucha Mungu.

Sasa tuitazame ile sarafu yenyewe. Mchezaji huishika kwa mkono wa kulia, akajifanya anaitia katika wa kushoto, akaufumba ule wa kushoto na kuukazia macho. Watazamaji hufuata macho yake, kwa kuwa mwanadamu hutazama pale mwenzake anapotazama, na sarafu imebaki kulia, imebanwa kwenye mashina ya vidole. Hapana jini hapo wala talasimu. Mchezo wa vikombe nao ni wa kale kiasi kwamba Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeishi zama za Nabii Isa (A.S.), aliutaja katika barua zake, akasema kwamba raha yake ni kule kudanganywa, na akishajua unavyofanyika hauna ladha tena.

Madhara ya kutopambanua mambo haya yamewapata watu wengi. Uingereza, mwaka 1584, Reginald Scot alichapisha kitabu kinachoeleza siri za wachezaji, ikiwemo ya kisu kinachoonekana kimetoboa mwili, kwa sababu watu, na hasa vikongwe mafukara, walikuwa wakihukumiwa kwa tuhuma za uchawi. Sisi tunaosikia vizee wakinyooshewa kidole vijijini hatuna haki ya kuwacheka Waingereza wa zama hizo. Na mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mchezaji wake mashuhuri, Robert-Houdin, aliyekuwa fundi saa, ili awavunje nguvu masharifu na mashekhe waliokuwa wakiheshimiwa na wenyeji. Mwenyewe amesimulia kwamba alileta kisanduku chepesi, akamwita mwanamme mwenye nguvu akinyanyue, naye akashindwa. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme iliyokivuta chuma cha kisanduku. Mkoloni alijua vyema kwamba umma usioijua hila hutawalika kwa hila.

Ama hukumu. Siwezi kukuficha kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwemo Imam Nawawi, wameutaja mchezo huu pamoja na ukuhani, unajimu na ramli, wakaharimisha kuufundisha na kuchukua ujira kwa ajili yake. Ninavyofahamu mimi, waliufungamanisha na mambo hayo kwa sababu waliokuwa wakiufanya walidai nguvu za ghaibu na kula mali za watu kwa madai hayo. Mtoto anayesema waziwazi, "huu ni wepesi wa mkono, nitakuonesha nilivyofanya," hayumo katika sababu hiyo. Hata hivyo, kwa kuchunga kauli ya maimamu, asiufanye kazi ya kumpatia pesa, asimtishe mtu kwa mchezo huo, maana si halali kumtia hofu Muislamu, wala asidai hata kwa mzaha kwamba ana jini.

Mganga wa misumari ndiye aliyestahiki maneno ya Maalim. Msumari ulikwisha kuwemo mkononi au katika pamba kabla hajamgusa mgonjwa. Ni sarafu ileile, tofauti ni kwamba huyu anaapa kuwa ameutoa mwilini, na mgonjwa anacheleweshwa kufika hospitali. Akiwa anafanya hila tu, amewaghushi Waislamu na kula mali yao kwa batili. Akiwa anatumikia mashetani, hiyo ndiyo sihri yenyewe. Kwa vyovyote si halali kumwendea, na anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo haikubaliwi Sala yake siku arubaini, kama alivyopokea Imam Muslim. Kuzingua kwa Qur-ani na dua zilizothibiti kunatosha, pamoja na dawa. Mwanao ataweza kuwaonesha jirani zako mahali msumari unapofichwa, na huo utakuwa wema.

Imebaki pesa ya vikombe. Hiyo ni kamari, na uharamu wake hauhusiani na sihri, hata kokwa ingewekwa bila ya hila yoyote. Airejeshe kwa wenzake anaowajua, mmoja mmoja, nawe ufuatane naye ili wazee wao wajue. Asiowajua, zitolewe sadaka kwa niaba yao. Alichopewa kwa hiari kwa mchezo wa sarafu, bila ya sharti wala kubahatisha, ni zawadi ya Idi, anaweza kubaki nacho.

Wallahu aalam.