Re: Mzee ana kisukari na anavuta sigara, kuna shida?

Mkuu, umeuliza kama sigara tatu nne za mzee wako kwa siku zina madhara, maana sigara haina sukari. Zina, tena makubwa. Nikotini iliyomo kwenye sigara inaufanya mwili ushindwe kuitikia vizuri insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), kwa hiyo sukari inapanda hata kama amekula dona na mchicha tu.

Ila mimi ningeogopa zaidi miguu. Kisukari chenyewe kinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na sigara inaibana zaidi. Damu haifiki vidoleni, ganzi inaficha maumivu. Kandambili inamchubua akishuka daladala Mbagala, hasikii, kidonda kinagoma kupona. Kukatwa mguu huanzia hapo. Moyo, figo na macho navyo vimo hatarini. (Na asikudanganye kwamba atahamia ugoro, nikotini ni ileile.)

Akiacha, insulini inaweza kuanza kufanya kazi vizuri zaidi ndani ya wiki 8 hivi. Kama anajichoma sindano za insulini, amwambie daktari wake wa kliniki na apime sukari mara kwa mara, kwani dozi ya zamani inaweza kuishusha mno. Leo jioni mkague nyayo na katikati ya vidole.