Nikiomba naona kama naongea na ukuta: je, Roho Mtakatifu ameniacha?

SWALI: Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika wetu, nimeokoka tangu nikiwa kidato cha pili. Mwaka jana mwezi wa tatu tulimzika mama. Tangu hapo nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta. Nyimbo nafundisha, watu wanalia, wanasema wamebarikiwa, lakini mimi ndani ni pakavu. Kibaya zaidi yananijia mawazo ya kumtukana Mungu, hata wakati wa Chakula cha Bwana, mpaka mara mbili nimebaki kwenye benchi bila kwenda mezani. Usingizi sina. Wapendwa wa kikundi cha maombi wanasema kuna dhambi nimeificha, au kuna roho ya mauti imenifuata kutoka msibani. Nimefunga siku tatu kavu, mara mbili, na hakuna kilichobadilika. Je, nimemkufuru Roho Mtakatifu? Na niache kwaya? Naona ni unafiki kuimba kitu nisichokisikia moyoni.

JIBU: Amina, binti yangu, na pole sana kwa msiba. Nakupa pole hata kama umepita mwaka na zaidi, kwa sababu katika maelezo yako mama amepata sentensi moja tu, kisha ukakimbilia makosa yako. Tutamrudia mama.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa kwaya, nianze kwa kukupa kazi ya kwaya. Fungua Zaburi ya 88, lakini usianzie mstari wa kwanza. Anzia yale maandishi madogo ya juu ambayo wengi wetu huyaruka. Utakuta kwamba huu ni wimbo, ni wa wana wa Kora, na umekabidhiwa kwa mwimbishaji, yaani mtu wa kazi yako. Na mtunzi ametajwa: Hemani, Mwezrahi. Wafafanuzi wengi humchukua kuwa ndiye Hemani yule wa 1 Nyakati 15, aliyepiga matoazi ya shaba pamoja na Asafu na Ethani siku Daudi alipolipandisha sanduku la agano Yerusalemu. Ikiwa ndivyo, basi aliyeandika maneno haya alikuwa mmoja wa wakubwa wa waimbaji wa Israeli.

Sasa usome wenyewe, polepole. Zaburi nyingi za maombolezo hufika mahali zikageuka. Ya 13 inauliza "hata lini" mara nne, lakini inamalizia kwa kumwimbia Bwana. Ya 22 inaanzia kwenye kuachwa na kufika katikati ya kusanyiko kwenye sifa. Ya 88 haigeuki. Mtu analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, na mstari wa mwisho unasema mpenzi na rafiki wametengwa naye, na wanaomjua wamo gizani. Basi, wimbo umekwisha. Hakuna ushuhuda wa kufungia wala pambio la kuchangamsha watu kabla ya matangazo.

Wazee waliokusanya Zaburi wangeweza kuuacha wimbo huu nje. Au wangeweza kuuongezea ubeti mmoja wa faraja ili usiwatishe washarika, kama ambavyo sisi wachungaji hufanya kwenye mahubiri ya maziko. Hawakufanya hivyo. Waliupeleka kwa mwalimu wa kwaya ukaimbwe kama ulivyo.

Angalia Hemani anasema na nani. Umenilaza katika shimo, umenitesa kwa mawimbi yako, umewatenga rafiki zangu nami. Kila lawama ina "wewe" ndani yake. Mtu aliyemwacha Mungu humsema pembeni, au hamsemi kabisa. Huyu anamshtaki Mungu mbele ya Mungu mwenyewe, kila asubuhi, kwa sababu hana mahakama nyingine ya kwenda. Na wewe unaposema unaongea na ukuta, mimi nasikia kwamba bado unaongea. Mwaka mzima wa ukavu, na bado unapiga magoti! Unakuita huko kupoa; mimi nakuita kumtumaini Mungu, tena kwa gharama kubwa kuliko ulipokuwa kidato cha pili na machozi ya furaha yanakutoka bila kuitwa.

Najua tulikoupata ugumu huu wa kukubali giza. Sisi ni watoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda, ukawaka miaka ya 1930 na kuvuka mpaka kuja kwetu kupitia Kagera. Mimi sitaudharau hata siku moja; bibi yangu aliupokea, na ndio uliotufundisha kwamba mtu anaweza kujua ameokoka. Lakini tulirithi ushuhuda wenye umbo moja: nilikuwa gizani, sasa niko nuruni, namsifu Bwana. Ukisimama na kusema "niko nuruni ila sioni", watu wanaangaliana. Cha ajabu ni kwamba wale wazee wenyewe walipozungumza juu ya kutembea nuruni walimaanisha kutoficha kitu, na mtu aliweza kusimama mbele ya ndugu akakiri kuwa moyo wake umepoa, naye akaimbiwa. Sisi tumebaki na ile sehemu ya kung'aa tu.

Tuje kwenye mawazo ya matusi, maana najua ndiyo yanayokutisha zaidi. Katika Mathayo 12, Yesu alisema juu ya kumkufuru Roho Mtakatifu baada ya Mafarisayo kumwona akimponya mtu kipofu na bubu, wakaamua kusema, bila wasiwasi wowote, kwamba anatoa pepo kwa Beelzebuli. Walikuwa na kauli yao na waliisimamia. Wewe unapatwa na neno usilolitaka, linapita kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chako bila hodi, na wewe unatetemeka na kukosa hata Meza ya Bwana kwa ajili yake. Kati ya mambo haya mawili kuna umbali mkubwa. Uingereza ya karne ya 17 kulikuwa na fundi wa masufuria wa karibu na Bedford, John Bunyan, aliyekuja kuwa mhubiri na kufungwa gerezani miaka 12 kwa kukataa kuacha kuhubiri. Kabla ya hapo aliandamwa na sauti ndani yake iliyomwambia kuhusu Kristo, "Muuze, muuze", akiwa mezani, akiwa kazini, mpaka akaamini amekuwa kama Esau aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, na hana tena nafasi. Alibishana nayo kwa muda mrefu, na kadiri alivyobishana ndivyo ilivyozidi. Kwa hiyo usiyakemee saa nzima. Likija, liache lipite, endelea na ulichokuwa unafanya. Kama ulikuwa unakata vitunguu, kata vitunguu.

Kuhusu dhambi iliyofichwa: inawezekana, sote tunazo. Lakini Roho Mtakatifu anapomshitaki mtu huwa anataja kitu. Nathani alimwendea Daudi na jambo linalojulikana, akasema "wewe ndiwe mtu huyo". Mshitaki yule mwingine, Shetani, ndiye mwenye tabia ya kusema "kuna kitu" na kukuacha uchimbe shamba zima. Kama baada ya kujichunguza kwa uaminifu hujapata kitu, acha kuchimba. Na hiyo "roho ya mauti kutoka msibani", nisamehe, lakini nimeisikia katika nyumba nyingi mno zilizofiwa, na karibu kila mara niliyemkuta pale alikuwa mtu anayemlilia mama yake.

Hapo ndipo nakuomba uache kufunga. Ndiyo, mchungaji anakuambia uache kufunga, angalau kwa sasa. Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda Karmeli, anakimbia, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe: yatosha, uniondoe roho yangu. Malaika anakuja. Tungetegemea amkemee, au amwongezee siku za maombi. Anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Kuna mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji karibu na kichwa chake. Nabii anakula na kulala tena. Malaika anarudi mara ya pili na neno lile lile, inuka, ule, na safari hii anaongeza kwamba mwendo ni mkubwa mno kwake. Mazungumzo ya huduma, ya Hazaeli, Yehu na Elisha aliotumwa kuwatia mafuta, yanakuja baadaye sana, huko Horebu. Kwanza mkate na usingizi.

Mtu asiyelala kwa mwaka mzima, aliyefiwa, kisha akafunga siku tatu bila maji, tena mara mbili, mwili wake umechoka, na mwili uliochoka hausikii mambo ya rohoni sawasawa. Nenda hospitali. Mweleze daktari usingizi ulivyo, mweleze na hayo mawazo, usione haya. Wanayafahamu, na yapo matibabu yanayosaidia. Daktari akikupa dawa, meza. Na kama siku moja utaona mawazo yanageuka kuwa ya kutaka kufa kama Eliya, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Amsha mtu.

Na mama. Sidhani umemlilia. Katika msiba walimu wa kwaya hatuwapi nafasi ya kulia, tunawapa ratiba ya nyimbo. Nadhani siku ile ulisimama mbele ya jeneza la mama yako na kuwaonyesha wengine pa kuingilia. Pengine walikuambia "Bwana alitoa, Bwana ametwaa", ukaitikia amina. Ni maneno ya Ayubu kweli, sura ya kwanza. Ila watu husahau kuwa sura ya tatu yule yule Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, halafu analalamika sura baada ya sura, na mwisho wa yote Mungu anawaambia rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Kwa hiyo mwambie Mungu ulichonacho juu ya kifo cha mama. Kama ni hasira, mpe hasira. Inawezekana kabisa hayo matusi yanayokutoroka wakati wa Meza ni malalamiko ambayo hukuyaruhusu kutoka kwa mlango wa mbele.

Jumapili ijayo yenye Meza, njoo. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa kule Ujerumani, ambaye mwaka 1527 aliugua na kuingia katika giza la nafsi lililomfanya aone amempoteza Kristo, alikuwa na jibu moja alilolishika: nimebatizwa. Hakusema nasikia nimebatizwa. Usiku ule wa kwanza mkate alipewa Petro, na kabla jogoo hajawika alikuwa ameshakana mara tatu. Ukija na mkono unaotetemeka, mkate ni ule ule.

Nikiwa mdogo tulisomea koroboi. Mafuta yakikaribia kwisha, au utambi ukiota kaa kichwani, moto unazama, moshi mweusi unajaa chumba na macho yanawasha. Sisi watoto tulitaka kuipuliza ife. Bibi alikataa. Alichukua njiti ya kiberiti, akaligonga lile kaa taratibu, akaukinga upepo wa mlangoni kwa kiganja chake, akasubiri. Nilikuwa tayari mchungaji nilipogundua kuwa Isaya 42 inasema jambo hilo hilo juu ya mtumishi wa Bwana: utambi utokao moshi hatauzima. Mpaka leo nikisoma mstari ule naona kiganja cha bibi, jinsi mwanga ulivyokuwa unapenya mwekundu kati ya vidole.

Sasa kwaya. Usiache, ila usibebe yote. Mwombe msaidizi wako aongoze kwa miezi miwili mitatu, wewe uimbe tu, safu ya nyuma. Ubeti ukikushinda, nyamaza, wenzako wataubeba. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu hakutembea kwenda kwa Yesu. Walimchukua watu wanne wakatoboa dari, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Wala si unafiki kuimba usichokisikia, maana huimbi hisia zako, unaimba Yesu alivyo, na yeye hajabadilika tangu Machi ya mwaka jana. Unafiki ungekuwa kutunga sura ya furaha. Kaa na sura yako.

Tena, mkipata nafasi, wafundishe ile Zaburi ya 88. Itungieni sauti nne, na msiiongezee kiitikio. Ikiimbwa kanisani nadhani utashangaa ni akina nani watakufuata nje baada ya ibada kukushika mkono.

Ukishaonana na daktari, niandikie tena, na safari hiyo nisimulie habari za mama: alipenda wimbo gani, na alikuwa mtu wa namna gani jikoni.