Muulize Mzee wa Brashi: Je, nichore kwa programu ya kusafishia picha?

*Shikamoo Mzee wa Brashi. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Mwanga, Kigoma mjini. Nachora kwa penseli na rangi za maji tangu shule ya msingi. Mwaka huu nimepata kompyuta mpakato ya mtumba, RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4. Kijana wa steshenari amenipakia programu ya Photoshop bila malipo, anasema wachoraji wote ndiyo wanayotumia. Binamu yangu wa Dodoma anasema niache hiyo, nipakue Krita. Mwingine kanitajia GIMP. Nilijaribu kuchora mtumbwi kwa mausi, mstari ukatoka kama nimeuchora nikiwa ndani ya mtumbwi wenyewe. Nataka kuchora ziwa, meli ya Liemba ikiwa bandarini, akina mama wa Kibirizi wakianika dagaa. Shangazi yangu ni fundi cherehani, naye anataka nimbunie maua ya vitenge. Nishike ipi?*
— Msomaji wa Mwanga, Kigoma

Marahaba, binti yangu. Huo mtumbwi wako umenichekesha peke yangu hapa barazani mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Nikuulize kwanza, maana jibu lote limelala hapo: picha yako inaanzia wapi? Inaanzia kwenye picha iliyokwisha kupigwa, au kwenye karatasi tupu?

Mimi nilianza na vibao vya vinyozi hapa Tabora, baadaye mabasi, na mara kadhaa nilipanda treni kuja kwenu kuandika majina ubavuni mwa mitumbwi. Brashi ya manyoya, kopo la rangi, chupa ya mafuta ya taa, kazi imekwisha. Vibao vya kuchapwa vilipoanza kutunyang'anya riziki, nikaomba kazi kwenye studio moja ya picha. Pale palikuwa na kompyuta moja na programu moja, ya kuhariri picha. Nami nikadhani kompyuta ni kompyuta, kuchora ni kuchora. Mteja akaniletea picha ya mama yake, akataka achorwe kwa mkono ili amtundike sebuleni. Kwa mausi nisingeweza kuchora hata sikio. Basi nikachukua picha ile ile, nikaikokota rangi huku na huku, nikaiwekea vichujio vya kuifanya ifanane na rangi ya mafuta, nikaichapa. Mama mwenyewe aliletwa kuiona. Aliitazama kwa muda, akasema, "Ni mimi, ila nimelowa."

Sijaisahau kauli ile. Alikuwa sahihi. Sikuwa nimechora kitu, nilikuwa nimeilowesha picha.

Programu ya kuhariri inategemea kwamba kitu kipo tayari. Photoshop ilizaliwa hivyo. Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani, alianza kwa kuandika programu ndogo ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu kwenye skrini isiyojua ila nyeusi na nyeupe. Ndugu yake John akaikuza pamoja naye, na Adobe wakaitoa sokoni Februari 1990. Angalia zana zake bora hata leo: kuchagua eneo, kukata, kunyoosha mwanga, kufuta chunusi, kumtoa mtu asiyetakiwa kwenye picha ya harusi. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley katikati ya miaka ya 1990, ni ya ukoo huo huo, ila yenyewe ni ya bure.

Krita ina kisa kinachokuhusu. Ilianza mwaka 1999 ikitaka kuwa programu ya picha kama hizo nyingine. Hata jina lake la kwanza lilikuwa KImageShop. Ilihangaika miaka kumi. Mwaka 2009 watengenezaji wake wakakaa, wakakubaliana kuacha kushindana na kila mtu, waitengeneze kwa ajili ya wanaochora tu. Tangu hapo kila kitu ndani yake kimepangwa kumfuata mkono wa mchoraji. Ukibonyeza kitufe cha kulia, brashi na rangi zako zinakuja pale pale kalamu ilipo, huna haja ya kwenda kuzitafuta pembeni. Namba 4 na 6 zinazungusha karatasi kama unavyoizungusha mezani, 5 inairudisha. Herufi M inaigeuza picha kama kwenye kioo, na hapo utaona jinsi Liemba yako ilivyolalia upande mmoja na wewe hukujua. E inageuza brashi uliyoshika kuwa kifutio cha umbo lile lile. Halafu kuna kituliza mkono, kinachofanya mstari ufuate taratibu nyuma ya kalamu. Hicho kitautibu mtumbwi wako kwa nusu. Nusu ya pili ni kuacha mausi.

Kwa hiyo wewe shika Krita. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, ni bure. Ukiikuta inauzwa kwenye duka la Microsoft usishtuke, ile ni njia yao ya kuchangisha. Programu ni ile ile.

Huyo kijana wa steshenari hajakudanganya kabisa. Wapo wachoraji wakubwa duniani wanaochorea Photoshop, na brashi zake ni nzuri kweli. Lakini toleo linalotengenezwa tangu 2013 ni la kulipia kila mwezi. Aliyekuwekea bila malipo amekuwekea iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli isilipiwe, na mimi nimeshapoteza kazi za miezi minne kwa kirusi kilichoingia na programu ya namna hiyo, mpaka kadi ya mwaliko ya mpwa wangu. Iondoe. Siyo dharau kwa kijana, mshukuru kwa moyo wake.

Sasa fedha. Ukiwa na akiba yoyote, usiipeleke kwenye programu, ipeleke kwenye kibao cha kuchorea, kile kidogo kisicho na skrini, chenye kalamu yake, unachokiunganisha na kompyuta. Huawei hawatengenezi, usichanganye majina: tafuta Huion, XP-Pen au Wacom. Watakutangazia ngazi 8192 za mkandamizo. Mkono wa binadamu hauzihesabu hizo, hata cha ngazi chache kitakutosha. La msingi ni kwamba ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda, kama brashi ya kweli. Wiki mbili za kwanza utakichukia, maana mkono uko mezani na macho yako kwenye skrini. Chora maduara na majina ya ndugu zako kila siku robo saa. Itapita.

Hiyo RAM ya GB 4 inahitaji adabu. Wengi huambiwa wachore kubwa tu, wakafungua karatasi ya A1, kompyuta ikaganda, wakailaani programu. Piga hesabu nami. A4 kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli (vinukta vya rangi) 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7. Kila pikseli inakula baiti 4. Tabaka, yaani karatasi ang'avu unayoilaza juu ya nyingine ndani ya mchoro, moja ukilipaka lote ni karibu MB 35. Matabaka kumi, MB 350. Mashine yako inabeba. A1 kwa nukta hizo hizo, tabaka moja linakaribia MB 280. Matabaka kumi hayo huyawezi, Windows yenyewe imeshakula nafasi yake. Anza na A4. Mbingu tabaka lake, maji lake, meli lake, watu lao. Yakishakuridhisha, yaunganishe.

Na hifadhi kila mara. Kwenu na kwetu umeme hauagi ukiondoka, na betri ya mtumba nayo haina ahadi.

Kuhusu Liemba, ruhusu mzee achepuke kidogo. Ile meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja Dar es Salaam, halafu kwa reli ikapita hapa hapa Tabora kwenda kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba watu. Miaka kadhaa chini ya maji. Wewe ukikosea bomba la moshi unabonyeza Ctrl na Z, kosa linafutika. Nataka uichore na kutu yake, usiipake upya.

Je, GIMP haina kazi? Inayo, na ndiyo maana sikubaliani na binamu yako anayeiona Krita ni kila kitu. Una michoro ya penseli ya miaka yote hiyo, usiitupe. Weka karatasi karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, simama juu yake kivuli chako kisiingie, ipige kwa simu. Karatasi itatoka kijivu, wakati mwingine ya manjano. Hapo ndipo programu ya kuhariri inapoonyesha uzawa wake: fungua GIMP, nenda kwenye kipimo cha mwanga wanachokiita Levels, vuta pembetatu nyeupe kuelekea kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe, na nyeusi kidogo kuelekea kulia mpaka penseli ikolee. Futa alama ya kikombe cha chai. Kisha ipeleke Krita, iwe tabaka la juu, na hali ya tabaka iweke Multiply. Nyeupe yote inatoweka, mstari wa penseli unabaki, nawe unapaka rangi chini yake bila kuugusa. Kama uliwachora akina mama wa dagaa ukiwa kidato cha pili, wanapata rangi leo.

Vitenge vya shangazi ndivyo vilivyonifanya nichague barua yako kati ya nyingine. Tatizo la kitenge si ua, ni mshono wa ua na ua. Zamani tulikata mchoro katikati, tukageuza vipande, tukaziba pengo kwa jicho, na bado mstari ulionekana kitambaani kama kovu. Ndani ya Krita bonyeza W. Karatasi yako inajirudia pande zote bila mwisho. Ukichora jani likavuka ukingo wa kulia, linaingia lenyewe ukingo wa kushoto. Ukichora nusu ya samaki juu, nusu yake iko chini. Unaona kitambaa kizima wakati bado unachora ua moja. Nilikaa na hiyo W usiku mzima nilipoigundua, nikitengeneza mikungu ya chikichi kama mtoto aliyepewa unga achezee. Ukimaliza, bonyeza W tena, na kilichobaki ni kigae kimoja cha kumpelekea mchapaji.

Kisha kuna rangi ya ziwa. Utaipata bluu moja kwenye skrini ambayo itakufanya uone kama umerudi ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Usiwaahidi watu bluu hiyo. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, wa waridi, wa manjano na mweusi, na bluu kali za mwanga haziwezi kufikiwa na wino huo. Mimi nilichapa ziwa lenu nikaletewa jambo linalofanana na sare ya shule iliyofuliwa sana. Krita ina kitazamio cha kuchapa, Ctrl na Y, kinakuonyesha mapema rangi zitakavyofifia. Kitumie kabla hujapenda mno. Ukiona bluu imekufa, usiiongezee bluu: iwekee jirani rangi ya joto, mchanga, ukingo wa mtumbwi, kanga ya chungwa. Itafufuka yenyewe. Hilo nililijua tangu enzi za makopo, halina uhusiano na programu yoyote.

*Mzee, mimi sina kompyuta, nina simu tu. Niache ndoto?*
— Kijana wa Ipuli, Tabora

Usiache. Pakua ibisPaint. Ina matabaka, ina kituliza mkono, na ya bure ina matangazo, vumilia. Krita ya Android ilitengenezewa tableti zenye skrini kubwa. Kwenye simu vitufe vyake vitakuwa vidogo kuliko kucha yako. Futa kioo kiwe safi, na kidole cha shahada kikaushe jasho kisinate.

*Kikundi chetu cha ufugaji nyuki Sikonge tumechora nembo kwa programu ya picha. Kwenye simu ni nzuri, kwenye bango imetoka vigae vigae. Krita itasaidia?*
— Katibu wa kikundi

Hapana, wala GIMP, wala Photoshop haitawafaa kwa kazi hiyo. Zote hizo kwa kawaida zinaweka picha kama vigae vidogo vya rangi, na ukivikuza vinaonekana. Nembo inataka programu inayokumbuka umbo lenyewe, mstari unatoka wapi na unapinda wapi, ili uikuze upendavyo. Inkscape inafanya hivyo na ni bure. Chukueni nembo yenu ya sasa, iwekeni chini kama kivuli, mwichore upya juu yake kwa mistari michache na rangi mbili, tatu zikizidi. Na nyuki chora mmoja. Hao sita mliowaweka, kwenye lebo ya chupa ya nusu lita wataonekana punje za mchele.