Ajali imepita, mwili bado uko ndani ya basi

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Nilikuwa kondakta wa basi la mikoani. Mwaka jana tulipinduka usiku kati ya Gairo na Dodoma, na abiria aliyekaa siti ya nyuma yangu akafia mikononi mwangu. Mimi nilivunjika mkono tu. Mkono umepona, lakini nikisikia harufu ya dizeli natetemeka, usiku nalala taa ikiwaka, na siku hizi nisipokunywa sipati usingizi. Binamu yangu wa Nairobi amenitumia video ya mtaalamu anayepitisha vidole mbele ya macho ya mgonjwa, anasema hiyo ndiyo tiba yangu. Mama anasema ni mazingaombwe. Je, inasaidia kweli? Ni lazima nisimulie yote? Na naweza kujifanyia mwenyewe kwa simu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mkono najua ulishapewa na kila mtu. Hii yangu ni ya hayo mengine ambayo majirani hawayaoni.

Mwambie mama si mazingaombwe, wala hakuna kulazwa usingizi. Utakuwa na fahamu zako zote, na ukiinua mkono kazi inasimama. Tiba hii, ambayo wataalamu huiita EMDR, ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987, akitembea bustanini, aliona kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali kila macho yake yalipokwenda huku na huku. Mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza, wa watu 22 waliopitia vita vya Vietnam, kubakwa au kunajisiwa. Wengi walimtilia shaka. Lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye mwongozo wake wa kutibu kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio la kutisha, kwa watu wazima na kwa watoto pia.

Video uliyotumiwa imekuonyesha kipande kidogo tu. Mwanzoni hakuna vidole. Mtaalamu atakuuliza maisha yako, usingizi wako, na pombe. Mwambie ukweli wote, hata kiasi, kwa sababu hayupo pale kukuhukumu. Atakufundisha namna ya kujituliza, mpaka uweze kuifanya bila yeye. Ndipo mtachagua picha moja, ile inayokuumiza kuliko zote. Kwako huenda ni uso wa yule abiria. Atakuuliza picha hiyo inakuambia nini juu yako mwenyewe, na manusura wengi hujibu: "Ni kosa langu." Utapima maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, utasema unayasikia wapi mwilini, kifuani au tumboni. Kisha utaishika picha hiyo akilini huku macho yako yakifuata vidole vyake, kushoto na kulia, kwa kama nusu dakika. Anasimama. "Vuta pumzi. Kimekuja nini?" Unajibu kwa maneno machache, mnaendelea. Wakati mwingine hutumia kugonga viganja taratibu badala ya vidole.

Kwa hiyo hapana, husimulii yote. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa, hasa kwa kijana wa kiume aliyekuzwa akiambiwa mwanaume halii. Yale ya usiku ule unaweza kuyapitia bila kuyatamka.

Kwa nini inasaidia? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wanaeleza kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushughulikia mambo kwa wakati mmoja. Ukikumbuka huku macho yanafanya kazi, picha haipati nafasi ya kutosha, inafifia na kupungua ukali, kisha inahifadhiwa upya ikiwa hivyo. Wapo wasomi wanaosema macho si kitu, kinachoponya ni kule kuikabili kumbukumbu. Wabishane, mimi ninachotaka ni ulale taa ikiwa imezimwa. Yule abiria hutamsahau, na sidhani ungependa kumsahau. Kinachobadilika ni kwamba utamkumbuka kama mtu wa mwaka jana, si kama anayekufa sasa hivi.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja vikao 8 hadi 12 kwa kawaida. Baada ya kikao unaweza kuchoka sana au kuota ndoto nzito kwa siku kadhaa.

Kwa simu, nakukataza. Picha ile ikifunguka saa nane usiku ukiwa peke yako, na chupa iko karibu, nani atakusaidia kuifunga?

Anzia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, kama barabara ile umeshaweza kuipita. Muulize anayekuhudumia kama amesomea EMDR na nani anamsimamia. Kama hayupo aliyeisomea, omba tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe. Nayo imo kwenye mwongozo ule ule wa 2013, wala hupati kitu cha daraja la pili. Usiache pombe ghafla kabla ya kuongea na daktari, maana kwa aliyezoea inaweza kuleta degedege. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje siku ya miadi: nenda idara ya dharura usiku huo huo.

Siku ya kwanza nenda na mama. Naye ana maswali yake, aulize mwenyewe.