Mimi si mkazi, lakini nilisimama kwenye maikrofoni

Swali lenu la wiki hii linauliza: je, ni haki serikali ya jimbo kuilazimisha miji midogo iruhusu maghorofa karibu na stesheni za treni hata kama wakazi wamekataa? Nimelisoma nikiwa nimetoka shifti ya usiku, na usingizi wenyewe umekata. Jibu langu fupi ni ndiyo, ni haki, na walichelewa kulazimishwa. Tatizo ni jibu refu.

Kwa ndugu zangu msioishi huku Massachusetts, nieleze kidogo. Mwaka 2021 Gavana Charlie Baker alisaini sheria inayoigusa miji 177 inayohudumiwa na MBTA, yaani haya mabasi na treni zetu za Boston na vitongoji vyake, au iliyopakana nayo. Kila mji utenge eneo ambalo mtu anaruhusiwa kujenga nyumba za familia nyingi, angalau 15 kwa ekari moja, bila kwenda kuomba kibali maalumu kwa bodi. Eneo hilo liwe ndani ya nusu maili kutoka stesheni pale inapowezekana, na nyumba zisiwe za wazee peke yao, familia zenye watoto nazo ziweze kuishi. Ni hivyo tu. Hakuna anayelazimishwa kujenga hata banda la kuku, wala kuuza kiwanja chake. Mji unaambiwa uache kukataza.

Kwa hilo tu, watu walitoana macho. Mnaikumbuka Milton, hapo ng'ambo ya mto ukitoka Mattapan, mtaa wa Boston. Mkutano mkuu wa mji ulipitisha mpango Desemba 2023, wapinzani wakakusanya saini, na Februari 2024 wapiga kura wakaufuta kwa kama asilimia 54. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrea Campbell, akaupeleka mji mahakamani. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sheria ni halali na Campbell ana mamlaka ya kuisimamia, ila miongozo ya utekelezaji haikutungwa kwa utaratibu unaotakiwa. Serikali ikaitoa upya kama kanuni za dharura siku chache tu baadaye, na Juni mwaka huohuo Milton wakapitisha mpango mwingine. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba wamewekwa kwenye kundi la miji yenye treni ya mjini, kundi linalotakiwa kuruhusu nyumba nyingi zaidi (robo ya idadi ya nyumba zilizopo), wakati walicho nacho ni zile tramu za Mattapan zilizoundwa miaka ya 1940. Nani hajawahi kusubiri tramu ile kwenye baridi? Hapo nawaelewa kidogo. Lakini kidogo tu.

Sasa, swali lenu linahusu serikali na wakazi. Mimi linanikera jingine: sisi tunaoshuka na treni asubuhi kwenye miji hiyo tumewekwa kundi gani? Tuseme ukweli, wengi wetu tunaosoma jarida hili tukiwa huku tumeosha wazee, au bado tunaosha. Tunawavalisha soksi, tunajua dawa zao za asubuhi na za usiku, tunajua mtoto yupi hupiga simu na yupi hapigi. Jioni tunapanda treni kurudi Brockton, Lowell, Lynn. Ukiitishwa mkutano kuhusu nani aishi karibu na stesheni, wanaoitumia stesheni yenyewe hawamo ukumbini.

Mimi niliwahi kuwamo. Miaka michache iliyopita nilikuwa namhudumia bibi mmoja katika mji wa kusini mwa Boston. Mji sitautaja; una stesheni, kanisa jeupe lenye mnara na duka la aiskrimu, kwa hiyo unaweza kuwa wowote. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ghorofa ya juu tulishaifunga na kitanda tukakishusha sebuleni, maana ngazi zilimshinda. Alikuwa na themanini na kitu, akili inachemka, ila macho yalikuwa yamekwisha. Kila alichokitazama kilikuwa na giza katikati, akawa anakuangalia kwa pembeni kama kuku.

Siku hiyo akaniambia nichukue kalamu. Bodi ya mipango ya mji ilikuwa imeitisha kikao cha kupokea maoni kuhusu namna ya kuitekeleza sheria ya stesheni, na yeye alikuwa na la kusema. Karatasi sikuiona, nikaandika nyuma ya mfuko wa dawa, kwa maki peni, herufi kubwa ili akijitahidi azione. Yeye anasema, mimi naandika. Sentensi ya kwanza: "Napinga mpango huu."

Nikasita. Wakati ule nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili nimfikie kabla hajaamka, na theluji ikianguka nilikuwa namwomba Mungu treni isifutwe. Chumba kimoja cha kupanga karibu na ile stesheni kingenibadilishia maisha. Na mkono wangu ndio unaandika wakikatae.

"Bibi, una uhakika?"

"Andika."

Kikao kilikuwa ukumbi wa shule ya sekondari, viti vya kukunja, watu wamejaa hadi ukutani. Weusi tulikuwa wawili, mimi na mlinzi wa mlangoni. Mbele kulikuwa na meza ya bodi na kijitaa cha rangi tatu. Kila mtu dakika tatu. Ya njano jiandae kumaliza, nyekundu kaa chini.

Nilikwenda nikitarajia kusikia ubaguzi, na nilisikia. Baba mmoja aliuliza ni watoto wa aina gani wataletwa kwenye shule zao, na huko nyuma kuna waliompigia makofi. Silitii chumvi hilo. Lakini alikuwepo pia mzee mmoja aliyekuja na ramani ya mabomba ya maji taka, akaikunjua mbele ya watu, akaeleza bomba la mtaa wake liliwekwa lini, lina upana gani na mvua kubwa ikinyesha linafurikia wapi. Nilitaka kumcheka, nikashindwa, kwa sababu alijua anachokisema na mjumbe mmoja wa bodi alikuwa anaandika kila neno. Mwalimu wa shule hiyohiyo akasimama akasema amefundisha pale miaka mingi na hajawahi kumudu kodi ya nyumba katika mji huo. Yeye hakupigiwa makofi mengi.

Zamu ya bibi ikafika. Nikamsukuma kwenye kiti chake hadi kwenye maikrofoni, akaanza, sauti haikutoka. Ilikuwa ndogo mno. Mwenyekiti akasema labda msaidizi wake asome. Nikaishika maikrofoni.

"Jina lako na mtaa unaoishi, tafadhali."

Nikataja jina. Nikasema naishi Brockton.

Bwana mmoja wa safu ya pili akasimama kusema utaratibu unataka wazungumzaji wawe wakazi wa mji. Hakusema kwa ukali, alisema kama anayesoma tangazo. Mwenyekiti akaanza kufunuafunua makaratasi. Mimi nimesimama na mfuko wa dawa mkononi, ukumbi mzima unaniangalia, najiuliza nirudi kukaa au nibaki. Ndipo sauti ya bibi ikapatikana: "Maneno ni yangu, na kodi ya majengo nalipa hapa tangu hujazaliwa. Mwacheni asome."

Nikasoma. "Napinga mpango huu." Makofi yakalipuka. Nikasubiri yatulie, huku kijitaa kinanihesabia, nikaendelea. Bibi alikuwa ameandika kwamba stesheni yao imezungukwa na kinamasi, kwa hiyo kanuni zinauruhusu mji kuweka sehemu kubwa ya eneo hilo mahali pengine. Na mji umelipeleka kando ya barabara kuu, juu ya maghorofa ambayo tayari yapo, ambako hakuna hata njia ya kutembea kwa miguu. Katikati ya mji, mahali penye kanisa, maktaba na famasi, mmegusa kiwanja gani? "Nataka kuiuza nyumba yangu. Nataka chumba kimoja chenye lifti, niweze kwenda kanisani bila kubebwa. Katika mji huu hakipo, na mpango huu hauniletei. Ramani hii mmeichora ili serikali iwaache." Waliopiga makofi mwanzoni walikuwa kimya. Taa nyekundu ilishawaka kabla sijamaliza. Niliisoma sentensi ya mwisho hivyohivyo.

Kwenye gari akaniambia nimesoma vizuri. Kisha akauliza: "Wewe ungepiga kura gani?"

"Mimi sina kura hapa, Bibi."

"Sikukuuliza kama unayo."

Nilijifanya kushughulika na mkanda wa kiti.

Mpango ulipita vilevile ulivyokuwa. Alichokisema bibi kuhusu ramani ni kweli kabisa, na si kwa mji ule tu. Sheria inapima idadi ya nyumba ambazo kanuni mpya zinaruhusu ziwepo, haihesabu zitakazoongezeka. Ukizungushia mstari maghorofa ya zamani, kwenye karatasi umetimiza, na hakuna tofali jipya. Baadaye wanawe walimhamishia kwenye nyumba ya wazee, mji mwingine kabisa, mbali na kanisa lake. Nyumba ilinunuliwa na mke na mume wenye mtoto mmoja na mbwa wawili.

Nimeandika mpaka hapa nikaona msimamo wangu wa juu unayumba, basi niuseme upya polepole. Mimi nimekulia Kimara, Dar es Salaam. Waliokuwepo mwaka 2017 wakati wa upanuzi wa Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, hawahitaji kuelezwa alama ya X nyekundu ukutani ni kitu gani. Nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilibomolewa, na kwa mtaa wetu sikumbuki maikrofoni wala dakika tatu. Kwa hiyo nikisikia mtu anashangilia kwamba serikali imewalazimisha watu kuhusu ardhi yao, kuna kitu tumboni kinakaza, hata kama watu wenyewe ni matajiri wa vitongoji vya Boston na mimi ndiye nitakayenufaika. Najua si jambo moja. Huku hakuna anayebomolewa. Lakini yule mzee wa mabomba alistahili kusikilizwa, na ingekuwa Kimara tungemwita mtu wa maana.

Upande wa pili kuna Lexington, kitongoji kingine cha Boston. Hao walikuwa wa kwanza kwanza kuitekeleza sheria, Aprili 2023 wakaruhusu eneo kubwa kuliko walilotakiwa, hakuna aliyewashika shati. Wajenzi wakaja na maombi ya nyumba zaidi ya elfu moja, wakazi wakashtuka, na Machi 2025 wakalipunguza eneo. Wengine huwacheka kwa kurudi nyuma. Mimi naona ndio waliofanya kitu cha kweli: waliruhusu, maombi halisi yakaingia, wakarekebisha huku wanayaona. Milton walipigana, mji wa bibi ulichora mstari. Ukiniambia nichague jirani kati ya hao watatu, nachagua Lexington, ingawa huko ndiko kodi ya nyumba nisingeiweza kamwe.

Na hilo la kodi lisemwe pia. Kanuni zinauruhusu mji kumtaka mjenzi atenge sehemu ndogo ya nyumba, kwa kawaida moja katika kumi, kwa watu wa kipato cha chini kidogo ya wastani wa eneo. Zilizobaki ni bei ya soko, na soko la huku mnalijua. Kwa hiyo wenzangu wanaodhani sheria hii itatutoa Brockton wasifungashe mizigo. Faida yake kwetu ni ya mzunguko: kijana mwenye mshahara mzuri akipata nyumba karibu na stesheni ya huko, huenda asije kugombania na mimi ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao huku. Huenda. Sijaiona bado.

Basi jibu langu kwa jarida: serikali ina haki ya kulazimisha. Mji usipewe nafasi ya kusema hapana, maana wanaoihitaji hiyo "ndiyo" hawana kura pale. Uachiwe kuchagua ni wapi, tena kwa sharti kwamba hapo wapi pawe mahali ambapo mtu anaweza kuishi bila gari.

Na jibu langu kwa bibi, ambalo nilimnyima kwenye gari: ningepiga hapana. Kwa ule mpango, katika mji ule, ningesimama upande mmoja na yule baba wa watoto wa aina gani, tukatoa kura inayofanana kwa sababu zisizofanana, na kwenye hesabu zisingetofautishwa. Hilo sijui nilifanyeje. Milton nayo ilikuwa hivyohivyo. Kati ya wale asilimia 54 lazima walikuwemo kina bibi.

Mhariri, najua nimevuka nafasi mliyotoa. Mkipunguza, kateni ya Lexington, ya mabomba iacheni.

Msomaji wenu, Brockton, Massachusetts