Conques: kiongozi si lazima
Je, kutembea kwa miguu kutoka Conques, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, kunahitaji kiongozi wa kukuonyesha njia au kibali? Hapana, hakuhitaji. Njia ya mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela, Hispania, iitwayo GR 65, inakatiza kijijini na ina alama za rangi: nyeupe juu, nyekundu chini. Ukikuta zimepishana kama X, umepotea, geuza. Mimi niliifuata hivyo hivyo. Unashuka Rue Charlemagne (mawe yake yanateleza vibaya mvua ikinyesha), unavuka daraja la mto Dourdou, kisha mlima wa kukata pumzi hadi kikanisa cha Sainte-Foy. Kule kijijini, kuingia kanisa kubwa la abasia (monasteri) ni bure. Kinacholipiwa ni hazina, yaani chumba cha vitu vya thamani vya kanisa, ilipo sanamu ya dhahabu ya Mtakatifu Foy. Mchongo wa Siku ya Hukumu uko nje juu ya mlango, nao haulipiwi.