Vijana wa fildi, DO (oksijeni iliyoyeyuka majini) inapimwa alfajiri jamani

Wadogo zangu mlioanza fildi kwenye vizimba vya samaki huku ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, juzi nimewaona tena. Saa saba mchana mnachota maji kwa ndoo, mnakuja nayo inatikisika mpaka ufukweni ndo mnazamisha mita ya kupimia oksijeni, inasoma 9 mnashangilia. Hapana bwana!

1. DO inapimwa saa kumi na moja alfajiri, probu (kile kichwa cha mita kinachozama) ikiwa ndani ya kizimba chenyewe. Darasani mmekariri maji yanayeyusha kila kitu, sawa, chumvi yanaimeza maana ina chaji, ila oksijeni haina chaji, inaingia kidogo sana na joto likipanda inazidi kutoka. Nyuzi 20 maji yanabeba kama miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 kama 7.5, na hapo ni usawa wa bahari, ziwa letu liko juu zaidi ya mita 1,100 kwa hiyo hata hizo hatuzifikii. Sasa hiyo 9 ya mchana imetoka wapi? Ni mwani unatengeneza juani, na ndoo mliyoitikisa inavuruga kipimo tu. Usiku mwani huohuo unapumua, unagombania oksijeni na samaki.

Kuna mahali nilifanya kazi daftari lilikuwa zuri hivyohivyo, mchana tu. Ikaja siku ya mawingu, usiku shwari hakuna upepo hata kidogo, asubuhi tunafika sato wako juu midomo wazi wanahema, na kijana akamwaga chakula kama kawaida akidhani wana njaa. Walianza kufa wakubwa, wale wa kuuzwa wiki hiyo, mashavu yamepanuka. Tuliwaopoa kwa wavu mpaka jua likawa kali na hakuna aliyeongea. Jamani ikisoma chini ya 3 msilishe, samaki akishiba anahitaji oksijeni zaidi.

2. Amonia (uchafu unaotoka kwa samaki na chakula kilichobaki) andikeni pamoja na pH (kipimo cha uasidi wa maji) na joto la saa ileile. Mchana mwani unakula kabonidayoksaidi, pH inapanda, na amonia nyingi inageuka kuwa ile ya sumu.

3. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unavuruga ziwa, maji ya chini yenye oksijeni kidogo yanaweza kupanda, kwa hiyo pimeni juu na chini, msiniletee namba moja.

4. Chupa ya Winkler (ya kupimia oksijeni kwa dawa badala ya mita) isibaki na kapovu hata kamoja, na dawa mnaweka hapohapo mtumbwini, msingoje maabara.